Si Mjomba Yupo?

Anayebaki kwao ndiye anayemaliza viatu. Waliohama wanakaa: wanakaa ofisini, wanakaa kwenye daladala, wanakaa kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu mpaka shati linakaukia mwilini. Mimi niliyebaki hapa Nandagala ndiye ninayetembea, tena natembea kwa niaba yao.

Simu ya kwanza huingia alfajiri. "Shikamoo mjomba." Hapo hapo najua kuna kazi. Mpwa asiye na shida huanza na habari za mvua. Mwenye shida huanza na shikamoo ndefu, iliyonyooshwa, yenye sukari ya kutosha birika zima. Kisha inafuata: "Mjomba, samahani, nilikuwa naomba uniendee Ruangwa mjini mara moja." Hiyo mara moja ndiyo iliyonimaliza magoti.

Kwa sisi Wamwera mjomba si mtu wa pembeni. Ukoo tunauhesabu upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yako ni mzigo wako: shule yake, jando lake, mahari yake, na kesi yake akigonga mbuzi wa watu kwa pikipiki. Enzi za babu zetu cheo hicho kilikuwa na malipo, maana mpwa alikulimia. Siku hizi wapwa zangu wako Dar es Salaam, wako Tunduru, wako Geita kwenye dhahabu, na mmoja yuko Muscat analea watoto wa watu huku wa kwake nikilea mimi. Haki ya kuwa na mjomba wameondoka nayo. Wajibu wa mpwa wameuacha stendi ya Ruangwa.

Majuzi alikuja mtaalamu, akatukalisha chini ya mwembe kutueleza kwamba dunia ya leo ni ya wanaotembea. Elimu inatembea, ajira inatembea, pesa inatembea, hata darasa linaweza kukufuata ndani ya simu. Jamii isiyokuwa tayari kuhamahama itaachwa nyuma. Alisema maneno hayo huku dereva wake ameacha injini inanguruma, kwa kuwa walikuwa wanawahi Nachingwea. Nikanyoosha mkono. Nikauliza hao wanaotembea funguo za nyumba zao wanamwachia nani. Watu wakacheka, mtaalamu akaandika kitu kwenye daftari lake, gari likaondoka.

Sikuuliza kwa utani. Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna safu ya misumari, na kila msumari unaning'iniza ufunguo wa mtu aliyekwenda kutafuta maisha. Kila ufunguo nimeufunga kipande cha kanga ili nisichanganye. Wa mpwa wa Geita una kanga nyekundu. Wa yule wa Tunduru una ya njano iliyofifia, na nyumba yenyewe imefifia vilevile. Mchwa wameingia hadi kwenye kizingiti cha juu. Ufunguo wa mwalimu wa hesabu una kamba ya kiatu, kwani aliniachia kwa haraka.

Na hao walimu nao. Mwalimu mpya huku kwetu hupokelewa vizuri, hakuna anayeweza kusema vinginevyo. Anashuka kwenye gari na begi lake la magurudumu, anavuta hatua mbili, magurudumu yanazama kwenye mchanga, basi mtoto mmoja wa darasa la sita analibeba kichwani, magurudumu yakiangalia juu. Tunampa nyumba, tunampa mbaazi, tunamwonyesha kisima. Kabla hajajua nyumba ya balozi iko wapi, ameshaanza kuulizia uhamisho.

Zamani uhamisho ulikuwa barua: ipite kwa mwalimu mkuu, ipite kwa ofisa elimu, ipite kwa mkurugenzi, mihuri juu ya mihuri, na ikirudi mwombaji ameshaoa hapa hapa na ana mikorosho yake. Ule ucheleweshaji ulitupatia walimu wengi wazuri. Siku hizi mtumishi anaomba mwenyewe kwenye mfumo wa kompyuta wa watumishi, na wenye haraka zaidi wanatafuta wa kubadilishana naye: mwenye daraja lako na somo lako, aliyeko unakotaka kwenda, mpishane. Kuna makundi ya WhatsApp ya kazi hiyo tu. Walimu wanajinadi humo usiku kucha.

Yule wa hesabu alinionyesha tangazo lake: "Nipo Ruangwa, Lindi. Natafuta wa kubadilishana naye Morogoro, Pwani, Dar au popote panapofikika."

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hapa ulifikaje?"

Akaniomba radhi. Nikamshauri kwamba biashara haitangazwi kwa kulia, nikamwandikia upya: kijiji cha nyumbani kwa Waziri Mkuu, hewa safi, watoto wenye adabu, mbaazi mbichi, korosho za kuchoma, ming'oko ya kuchemsha asubuhi na chai. Mwalimu mmoja wa Dar akajibu kwa vikaragosi vya kucheka hadi machozi. Mwingine, wa Kigoma, akauliza ming'oko ni nini na kama inauma. Mwishowe akapatikana mama mmoja aliyekuwa akifundisha Kilosa, mwenyeji wa Nachingwea, anayetaka kurudi karibu na mama yake mgonjwa. Wakapishana. Wa kwetu akaondoka, begi likiwa kichwani kwa mtoto yule yule, akaniachia ufunguo, kuku sita na deni lake dukani. Aliponiaga alisema hana wasiwasi na vitu vyake: "Si mjomba yupo?" Mimi si mjomba wake! Kwao ni Rombo.

Lile tangazo lilikuwa la kweli, jamani. Kassim Majaliwa ni mtoto wa hapa. Alisoma sekondari Kigonsera, kule Mbinga, akawa mwalimu, akawa mbunge wa Ruangwa mwaka 2010, na Novemba 2015 akawa Waziri Mkuu, kiti alichokikalia miaka 10. Tangu siku ile mtoto wa Nandagala humtumi maji bila yeye kukukumbusha kwa macho kwamba huenda unamtuma kiongozi wa kesho. Mtu akitaka kuwaeleza watoto wetu jinsi elimu inavyomtoa mtu mahali na kumpandisha, hana haja ya kwenda mbali, mfano umezaliwa hapa. Mimi nina swali moja tu kuhusu safari za namna hiyo. Kijana wa miaka ya 1970 anayetoka huku kwenda kusoma upande wa pili wa Tunduru, sanduku lake hadi kwenye lori alibeba nani? Wasifu wa wakubwa hautaji. Unataja shule, unataja vyuo, unataja vyeo. Mbeba sanduku hana aya.

Mimi nimebeba. Mpwa wangu mmoja alifaulu vizuri kidato cha nne katika shule ya kata, na kidato cha tano akapangiwa Kagera. Tazama ramani. Tuko kusini mashariki kabisa mwa nchi, Kagera iko kaskazini magharibi kabisa. Aliyempangia angesogea kidogo tu angemtoa nje ya nchi. Wenzangu wakanipongeza kwamba nina bahati, elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika hadi cha tano na sita. Ni kweli, ada hakuna. Nauli ipo. Na ipo ile karatasi ya mahitaji: godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, ndoo yenye mfuniko, rimu ya karatasi, tranka lenye kufuli, fagio la chelewa, na jembe lenye mpini.

Jembe lenye mpini, kutoka Nandagala hadi Kagera! Niliuliza kama huko hakuna miti. Mama yake alipiga simu kutoka Mbagala kusema nisibishane na shule, nifunge jembe. Nikafunga. Nililizungushia gunia, nikalikaza kwa kamba ya katani, nikalipeleka stendi. Konda akalitazama, akanitazama, akauliza, "Mzee, hili linashukia wapi?" Akalitoza nauli ya mzigo. Kijana akakaa kiti chake, jembe likasafiri chini kwenye buti, mimi nikarudi nyumbani kwa baiskeli bila jembe, kwa kuwa lililofungwa lilikuwa langu.

Kutoka Dar hadi Dodoma mpwa akapanda ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Akanipigia simu akiwa ndani yake, anapiga kelele kwa furaha. "Mjomba, inakwenda kilomita 160 kwa saa, na maji kwenye chupa hayatikisiki!" Nikamwambia ahsante, hata sisi tulikuwa na treni. Akacheka mpaka mtandao ukakatika.

Watoto wa leo hawaamini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula kwao, wakaamua kwamba dawa ni karanga za Tanganyika. Mwaka 1947 mradi ukaanza: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliagiza matingatinga, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta, na kwa ajili ya Nachingwea wakajenga reli kutoka pwani kuja huku porini. Ardhi ikawagomea, mvua ikawagomea, mizizi ikavunja vyuma vyao. Ilipofika 1951 mradi ulishazikwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeyeyuka. Reli ikavumilia miaka michache zaidi, ikitafuta mzigo wa kubeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Yaani hata reli ilihama. Ilifanya wanachofanya wapwa zangu: ilikuja, ikaangalia, ikaona hapa hakuna maslahi, ikaenda zake. Karanga tunazilima hadi leo, kwa jembe, na zinaota tu.

Wakafuata wapigania uhuru wa Msumbiji. FRELIMO walipewa kambi Nachingwea, katika yale mashamba yaliyoachwa ya karanga, pale panapoitwa Farm 17 hadi sasa. Samora Machel alikuwa hapo akifundisha wapiganaji wake. Mwezi Juni 1975 alikuwa Rais wa nchi huru. Utaona basi kwamba ukanda huu una sifa yake. Watu wanakuja Nachingwea na Ruangwa kujifunza namna ya kuondoka, na wakishahitimu wanafika mbali kwelikweli.

Siyo kwamba sisi wenyeji hatujawahi kusogea. Tulisogezwa. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 baba yangu aliambiwa ahame kutoka kwenye mikorosho yake aje barabarani, apate shule, zahanati na bomba. Shule ilikuja kweli, na mimi ni zao lake, sina ulimi wa kuitukana. Lakini mikorosho haikupanda lori. Ilibaki kule kule, na mzee akawa anatembea asubuhi nzima kuifuata, kupalilia, kuokota, kubeba, kurudi. Wengine walichoka, wakaiachia nyasi na moto. Ukichanganya na ugonjwa wa ubwiriunga na bei ya kukatisha tamaa, ndipo utaelewa ilikuwaje korosho ya Tanzania ikatoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mchumi ataandika sababu zake nyingi. Mimi nakumbuka nyayo za baba, zilivyokuwa zimepasuka kisiginoni, na mama akizijaza nta.

Lakini hayo yamepita, sasa tuna simu, na simu imetupunguzia safari. Hivyo ndivyo wanavyosema. Ngoja niwaeleze habari za gumba la dada yangu.

Dada yangu mkubwa amebangua korosho tangu usichana. Anazichoma kwenye debe lililotobolewa matundu, moshi wake unakata koo, halafu anazipasua kwa jiwe moja moja. Yale mafuta ya kwenye ganda ni moto bila moto: yanababua ngozi, inaota mpya, yanaibabua tena. Baada ya miaka mingi ncha za vidole zinabaki laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Basi mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa itafungwa, muda ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na nchi nzima ikakimbilia foleni. Sisi tukapanga yetu chini ya mwavuli wa kijana mmoja mwenye kimashine.

"Weka gumba, mama." Kimashine kikakataa. Dada akalifuta kwenye kanga, akaweka tena. Kikakataa. Wakajaribu shahada, wakajaribu cha kati, wakahamia mkono wa kushoto. Mtu kwenye foleni akashauri maji ya limau. Mwingine akashauri vumbi. Kijana akakishika kile kidole, akakigeuza juani, akasema kwa mshangao wa dhati, "Mama, mbona wewe huna alama?"

Dada akamjibu, "Alama ninazo, mwanangu. Zimo kwenye korosho ulizokula."

Foleni ikaangua kicheko, lakini kicheko hakisajili laini. Wakanyamaza, wakageuka wote kunitazama mimi, na mjukuu wa dada, kitoto cha kimo cha kinu, ndiye aliyelisema lile neno. Kwa hiyo laini ya dada yangu imesajiliwa kwa gumba langu. Kwa kumbukumbu za mitambo, dada yangu ni mimi. Akisahau namba ya siri, natembea. Ikitakiwa kuhakikiwa upya, natembea. Siku akigombana na mtu kwa simu, nitashtakiwa mimi.

Na pesa za watoto wake hupita huko huko. Huduma hizi za kutuma pesa kwa simu zilianza hapa nchini mwaka 2008, na sikatai kwamba ni muujiza. Enzi zile pesa ilifungwa kwenye bahasha, bahasha ikakabidhiwa dereva, na dereva akawa na watoto wake pia. Sasa yule binti wa Muscat anabonyeza, na kabla hajaweka simu mkobani ujumbe umeshalia mfukoni kwangu. Wataalamu hupiga makofi hapo. Wangesubiri kidogo. Kutoka kwenye ujumbe huo hadi mkononi mwa mama yake kuna wakala anayesema "float imeisha mzee wangu, njoo kesho". Kuna wakala wa pili aliyekwenda msibani. Na ikishindikana kuna Ruangwa mjini. Pesa imevuka Bahari ya Hindi kwa sekunde chache, kisha imesimama mlangoni kwangu kusubiri nivae makobazi. Mwaka 2021, serikali ilipoongeza tozo kwenye miamala, nchi ililalamika kwa sauti moja hadi zikapunguzwa. Tozo inayokatwa kwenye magoti yangu haina hata msemaji.

Korosho yenyewe nayo imeendelea kuliko mimi. Tunaikusanya ghalani kwa chama cha msingi, halafu mnada unafanyika kwa mtandao, kupitia soko la bidhaa, TMX. Mnunuzi anaweza kuwa popote pale, akaingiza bei yake akiwa na kikombe cha kahawa. Sisi tunakusanyika, bei zinasomwa, tunaulizwa tunauza au hatuuzi, tunapiga kelele. Oktoba 2024 minada ya kusini ilifunguliwa kwa bei zilizopita shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakakumbatiana. Korosho nyingi huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zibanguliwe huko. Korosho kutoka mti uliopandwa na baba yangu imefika Vietnam. Mimi kwa upande wa mashariki mwisho wangu ni ufukwe wa Lindi, na nako nilikwenda kusindikiza mgonjwa.

Lakini kinachosafiri kwa kasi kuliko vyote, kuliko treni ya Dodoma na kuliko pesa ya Muscat, ni habari ya bei ya mnada. Inatangazwa redioni saa moja usiku. Saa moja na dakika chache: "Shikamoo mjomba." Wa Geita. "Marahaba." "Habari za huko?" Mara anataka kujua habari za huko! Nikimjibu kwamba malipo hayajaingia benki, ananitakia usiku mwema, anamwachia nafasi wa Tunduru.

Msidhani nachukia watu kusafiri. Nikiona basi limekwama roho huniuma. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu pale Somanga wilayani Kilwa, sisi wa Lindi na Mtwara tukatengwa na Dar, na mpwa wangu mmoja alikuwa ndani ya basi upande wa pili wa maji, na mtoto mchanga. Akanipigia simu. Si kwa polisi, si kwa mwenye basi. "Mjomba, tumekwama, fanya mpango." Niko Nandagala! Nifanye mpango gani na bahari iliyopanda barabarani? Nikakaa kitandani nikiwa nimeshika kichwa, halafu nikakumbuka mtu mmoja wa kule Somanga tuliyewahi kuuziana mbuzi, namba yake nilikuwa nimeiandika ukutani kwa mkaa. Jioni mpwa alikuwa kwake, anakunywa uji. Huyo mtu wa Somanga naye ni mjomba wa watu, alinieleza mwenyewe. Simu yake ilikuwa haikauki tangu alfajiri.

Sasa tufike kwenye la wiki hii. Ukoo una kundi la WhatsApp, na mimi nimo kwa simu ambayo walinunua wao, ili nisije nikasema sikupata ujumbe. Mpwa wa Mbagala anamwozesha binti yake. Nikaandika, kwa vidole viwili na miwani ya kuazima, kwamba safari hii naomba nije na mimi. Niketi mbele, nile pilau, nione huo mwendokasi wanaousimulia, nikae wiki mbili. Nikaongeza kwamba kwa mila zetu binti haozwi bila mjomba, jambo ambalo niliona linatosha kuwabana.

Tiki zikawa za bluu, moja baada ya nyingine. Kimya. Kisha wa Geita: "Wazo zuri sana mjomba. Ila funguo atabaki nazo nani?" Wa Tunduru akauliza nani atapulizia mikorosho. Wa Muscat akauliza mtoto wake atalala wapi, na mama akitumiwa pesa nani ataweka namba ya siri. Mwalimu wa hesabu, ambaye sijui nani alimwingiza kwenye kundi la ukoo wetu, akauliza habari za kuku. Baba wa bwana harusi akapendekeza nishiriki kwa video, simu ikasimamishwa juu ya meza kuu, tena upande wa wazee.

Wakajadiliana hadi saa sita usiku, na asubuhi nikakuta wamefikia uamuzi. Wameona nateseka na wameguswa. Watanichangia pikipiki. Kila mmoja ameandika kiasi chake kwenye orodha, na kwa mujibu wa hesabu ya mwalimu wamefika nusu ya bei. Nusu nyingine wanaamini mjomba hatashindwa, hasa kwa jinsi korosho ilivyouzwa. "Ili uwe unatembea kwa urahisi," aliandika wa Mbagala, na chini yake akaweka maua.

Nimewajibu leo. Pikipiki nimeikubali. Mafuta ni yao, matairi ni yao, na Jumamosi haiwashwi hata afe nani. Wamekubali wote bila kubishana, jambo ambalo si kawaida ya ukoo huu. Dakika tano baadaye wa Geita akanipigia pembeni, shikamoo yake ikiwa tamu kupita kiasi, kuniuliza kama hiyo pikipiki itaweza kubeba mabati, kwa sababu ana mabati yake yamekaa Nachingwea, na siku ambayo mwenye duka anapatikana ni Jumamosi tu.